Kupanda Mlima Kinyumenyume

Gari langu lilikuwa la injekta, yaani petroli inapulizwa kwenye injini kwa amri ya kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa imekufa, ikafufuliwa, ikafa tena. Ilipokufa mara ya tatu nikaapa: naweka kabureta, kile kifaa cha zamani kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta. Kabureta haina siri. Ikisumbua unaifungua, unaipuliza, unaifunga, unaondoka.

Kosa langu lilikuwa kudhani kazi yote iko chini ya boneti. Huko nilihangaika wiki mbili na fundi wangu, tukafunga manifoldi, distributa na kabureta yenyewe, iking'aa kama sufuria mpya. Tangi nililiona ni ndoo tu. Ndoo ina elimu gani?

Elimu ya kwanza niliipata siku ya kuwasha. Pampu inayokaa ndani ya tangi la injekta husukuma petroli kwa nguvu ya pauni 40 hivi kwa kila inchi ya mraba, na mara nyingine zaidi. Kabureta inataka 4, labda 5. Ndani yake kuna kisindano kidogo kinachoinuliwa na boya ili kufunga njia mafuta yakitosha. Sasa kukiambia kisindano hicho kizuie pauni 40 ni kumsimamisha mtoto mchanga getini azuie fahali.

"Washa, bosi," fundi akaniambia.

Nikageuza swichi. Kabureta ikatapika. Petroli ilitoka kwenye matundu ninayoyajua na kwenye matundu ambayo mpaka leo sijayaona tena. Fundi, ambaye siku zote hutembea kama anahesabu hatua, nilimwona yuko upande wa pili wa uwanja akiwa na kiatu kimoja. Kutoka huko ndiko aliponipigia kelele nizime.

Basi, pampu ile ikatoka. Tukafunga nyingine ndogo ya nguvu ya chini, nje, karibu na tangi. Fundi akaitwa kwenye kazi nyingine, akaniachia jambo dogo: kutengeneza bomba la kunyonyea mafuta, maana lililokuwepo lilitoka pamoja na pampu.

Nikatumbukiza kijiti, kikagota chini: sentimita 22. Nikakata bomba la shaba sentimita 20, nikiacha 2 za uchafu. Nilijiona injinia. Kuliingiza, likagonga mkono wa geji ya mafuta. Nikalipinda kidogo kwa mbele. Likagonga tena. Nikalipinda zaidi. Halikugonga tena, nikafunga kifuniko, nikanawa mikono. Kwamba bomba likipindwa halifiki tena chini, hilo halikunijia. Kile kikombe cha plastiki kilichokuwa kimeizunguka pampu nikaona kinafaa kuwekea skrubu.

Jumamosi nikamchukua shemeji tukalijaribu gari. Tambarare lilienda kama limepakwa sabuni. Nikaanza kumsimulia jinsi watu wanavyoogopa mambo madogo. Tukafika kwenye mlima. Katikati ya mlima gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Geji inasoma nusu tangi. Nikaliachia lishuke mpaka chini, nikawasha, likawaka. Tukapanda tena, likazimika palepale, kwenye jiwe lilelile.

"Shemeji," akasema, "hii gari inatumia mafuta au dua?"

Mara ya nne ndipo akili ikaniingia. Tukipanda, mafuta yanakimbilia nyuma ya tangi, na bomba langu limetazama mbele, linanyonya hewa. Shemeji, ambaye husoma kila kitu hata maandishi ya boksi la sabuni, akasafisha koo. Akaniambia Ford Model T, yale magari yaliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, hayakuwa na pampu ya mafuta. Petroli ilitiririka yenyewe kutoka tangini, na mlima ukiwa mkali madereva waliupanda kinyumenyume.

Tukatazamana. Nikageuza gari, nikaweka rivasi.

Likapanda! Tatizo ni kwamba nyuma yetu, au tuseme mbele yetu, sijui nisemeje, lilikuja lori limepakia mchanga, nalo linapanda kwa mwendo uleule. Mlima mzima tuliupanda nikiwa uso kwa uso na dereva wake. Nikigeuza shingo kutazama njia, nikiirudisha, yupo. Mwanzo alipiga honi. Kisha akawasha taa. Baadaye akaacha yote akawa ananitazama tu, kama mtu anayetazama harusi ya wachawi. Shemeji akampungia mkono.

Kileleni lori likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa.

"Mzee, umesahau kitu nyumbani?"

Jumatatu fundi alilichomoa bomba langu, akaliinua juu kwenye mwanga. Lilikuwa limejikunja kama ndoano ya kuvulia samaki. Hakusema neno. Akauliza tu kile kikombe kiko wapi, maana ndicho hushika mafuta yasikimbie kwenye milima na kona. Nikamletea. Akamwaga skrubu zangu sakafuni, moja baada ya nyingine, polepole, akinitazama.

Safari iliyofuata, gari likiwa limepona kabisa, shemeji alifungua mlango wa nyuma, akapiga magoti kwenye siti, akashika kichwa cha siti kwa mikono miwili na kutazama kioo cha nyuma.

"Shemeji, unafanya nini huko?"

"Wewe endesha," akasema. "Mimi nataka kuona tunakokwenda."