Kijana akilipwa kwa kupiga muziki, nani anashika hela?

Kijana wa miaka 15 anapiga kinanda vizuri. Kiongozi wa bendi amemsikia, anamwomba Jumamosi akapige kwenye harusi, na malipo yapo. Nyumbani maneno yanaanza. Mmoja anasema shule kwanza, muziki haukimbii. Mwingine anasema kipaji ndiyo riziki aliyojaliwa, akizuiwa leo kesho atamlaumu nani? Kila mmoja ana hoja. Nionavyo mimi, madhara mengi yanatokea kwenye saa ambazo hakuna anayezihesabu na fedha ambazo hakuna anayeziandika. Kulipwa kwenyewe kuna ubaya mdogo sana.

Nianze na faida, maana wazazi wengi huzidharau. Chumbani ukikosea unarudia. Jukwaani wimbo haukusubiri. Mwimbaji anapandisha sauti katikati ya ubeti bila kumwambia mtu, mpiga ngoma anaongeza mwendo kwa sababu watu wameinuka kucheza, na kijana inabidi afuate papo hapo, macho kwa kiongozi, vidole vikitafuta njia. Miezi sita ya kazi hiyo inafunza kusikiliza kuliko vitabu vingi. Anajifunza pia kufika mapema, kukunja nyaya zisikatike ndani, na kukubali kwamba leo zamu ya kung'ara ni ya mwenzake.

Upande wa pili nao una uzito. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, hao walioahidiwa walichora kwa muda uliokaribia nusu tu ya wenzao. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa hamu. Kijana wa miaka 15 si mtoto wa miaka minne, kwa hiyo sitaki kuuvuta utafiti huo mbali kuliko unavyofika. Ila dalili yake naiona kwa wapigaji chipukizi: anayelipwa kila wiki kupiga nyimbo kumi zilezile huacha polepole kufanya zoezi gumu, kwa kuwa hakuna anayelilipia. Miaka miwili inapita, kazi anazo, na upigaji wake umebaki ulivyokuwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ningependa iwe kumfundisha mtoto mdogo kuliko yeye. Hapo hulazimika kueleza anachokifanya, na anayeeleza hujisahihisha.

Sasa saa. Kijana anasema amelipwa kwa saa tatu. Hesabu vizuri: ametoka nyumbani saa nane mchana, wakapanga vyombo, wakapima sauti, wakasubiri wageni, akapiga saa tatu, wakafungua spika na kupakia, akarudi saa tano usiku. Hizo ni saa tisa. Gawanya malipo kwa tisa, toa nauli, halafu uulize kama bado yanafaa. Mara nyingi yanafaa. Mara nyingine kijana mwenyewe, akiiona hesabu kwenye karatasi, anaamua kupokea kazi moja kwa mwezi badala ya nne. Na anayeambiwa apige bure "ili apate jina" afanye hesabu hiyohiyo, kwani wenye kumwambia hivyo hawapewi bure ukumbi wala spika.

Jambo ambalo halizungumzwi kabisa ni masikio. Kwa kipimo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, mtu anaweza kukaa kwenye kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho bendi yenye ngoma na spika kubwa hukifikia bila shida, ni dakika 15 tu. Usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi. Vizibo vya masikio vinunuliwe kwa malipo ya kwanza kabisa, kabla ya nyuzi mpya za gita na kabla ya viatu.

Tuje kwenye hela. Jackie Coogan, mwigizaji wa Marekani, aling'ara katika filamu mwaka 1921 akiwa mtoto, akachuma mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima aligundua karibu zote zimetumika, na mwaka 1938 akawashtaki mama yake na baba wa kambo. Mwaka uliofuata jimbo la California ikapitisha sheria, na siku hizi asilimia 15 ya kipato cha mtoto msanii, wanamuziki wakiwemo, huwekwa kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mtu mpaka mtoto afikie utu uzima. Mwanamuziki Stevie Wonder alisaini mkataba na kampuni ya muziki ya Motown akiwa na miaka 11, na akiwa na 13 wimbo wake ukashika namba moja Marekani. Fedha zake zilitunzwa kwenye amana hadi alipofikisha miaka 21, mwaka 1971. Hapo mkataba ukaisha, naye akajadiliana upya akiwa na sauti yake mwenyewe juu ya muziki wake. Kwa hiyo mkataba wa kijana uwe mfupi, na popote panapoandikwa habari ya hakimiliki au mirabaha (malipo ya mwenye kazi kila muziki wake unapotumika), mtu asiye na maslahi katika bendi ausome kwanza.

Linalonisumbua zaidi ni nyumba ambayo malipo yale yanahitajika kweli, kodi imefika na hakuna pengine pa kushika. Siwezi kumwambia mama wa nyumba hiyo asiiguse hela ya mwanawe. Ninachomwomba ni daftari. Kila kiasi kilichotumika nyumbani kiandikwe, pamoja na tarehe na matumizi yake, na kijana akae hapo wakati kinaandikwa. Sehemu ndogo ibaki kwa jina lake kila mara, hata mwezi mbaya. Na kijana akiitwa kazini usiku wa kuamkia mtihani, mama ndiye apige simu kukataa, asimwachie mtoto kuchagua kati ya masomo na kodi.