Anayekamata Watu Arusha Ajulikane Jina

Ukiwa na shughuli zako katikati ya Arusha, tuseme unauza mchicha nje ya Soko la Kilombero au unasubiri abiria na bodaboda yako pale Stendi Ndogo, kabla jua halijazama unaweza kusimamishwa na askari polisi, na trafiki, na mgambo wa jiji, na usiku ukirudi mtaani ukakutana na vijana wa ulinzi shirikishi. Kila mmoja atakuambia anasimamia sheria. Raia wengi hatujui yupi katumwa na nani, na ndiyo maana tukionewa tunabaki kulalamika vijiweni tu.

Tuanze na polisi. Polisi si wa jiji. Jeshi ni moja nchi nzima, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na Kamanda wa Mkoa bosi wake ni IGP, yaani Mkuu wa Jeshi la Polisi, wala si meya. Kule New York meya ndiye anayemteua mkuu wa polisi wa jiji, kwa hiyo polisi wakivuruga, wananchi wanajua wa kumnyima kura. Kwetu ukienda kwa diwani kulalamika kwamba difenda, gari la polisi, imezoa vijana mtaani, atakujibu kwamba jambo hilo haliko mikononi mwake, na atakuwa anasema kweli.

Mgambo ndio wa jiji. Wanatumwa na ofisi ya mkurugenzi kusimamia sheria ndogo: usafi, ushuru, biashara za barabarani. Sheria hizo zimepitishwa na baraza la madiwani. Hapa sasa diwani hana pa kujifichia, na ndiyo sababu leo nawaandikia madiwani kwanza, polisi baadaye.

Tazama tofauti hii. Trafiki, anayesemwa vibaya kuliko wote, siku hizi ana ile mashine mkononi. Akikuandikia kosa, inatoka karatasi yenye namba ya gari, kosa, kiasi cha faini na namba ya kulipia kwa simu. Shilingi 30,000 inauma, lakini ina maandishi. Ukitaka kubisha una pa kuanzia. Najua rushwa haijaisha. Anayeitaka haigusi kabisa ile mashine, anazungumza nawe pembeni. Hata hivyo, hilo lenyewe linaonyesha karatasi inaogopwa.

Polisi wa kituoni naye, pamoja na kero zake zote, anaandika. Unafika kaunta, unaeleza shida yako, inaingizwa kwenye kitabu, unapewa RB, yaani namba ya taarifa yako. Umepigwa, unapewa fomu ya polisi, PF3, ndipo uende hospitali. Askari mwenyewe ana namba yake ya jeshi, na akienda mahakamani kutoa ushahidi anatajwa kwa namba hiyo, cheo na jina. Mtu wa namna hiyo unaweza kumshtaki.

Sasa chukua mama mwenye beseni la parachichi. Wanakuja vijana, mmoja kavaa sare, wawili wana fulana za kawaida, beseni linarushwa kwenye gari. Nani kalichukua? Kwa kosa lipi? Linapelekwa wapi, na atalikomboa kwa shilingi ngapi? Hana hata kipande cha karatasi. Kesho akienda kuuliza anaambiwa amtaje aliyemchukulia, naye anakumbuka sura tu. Parachichi zenyewe haziwezi kungoja siku tatu. Mtaji wake wote umeishia hapo, na anadaiwa mkopo wa kikundi cha VICOBA.

Mimi sisemi watu wapange bidhaa katikati ya barabara. Pale karibu na Soko Kuu kuna saa huwezi hata kupita kwa miguu, na mji lazima uwe na utaratibu. Ninachodai ni kwamba mwenye mamlaka ya kukamata awe na jina kifuani, namba, na kitabu cha risiti mkononi. Asiye na vitu hivyo asimguse mtu wala mali yake.

Jambo hili si geni. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyotoa ripoti yake Julai 2023, iligusa hoja hiyohiyo ya vyombo vingi mno kuwa na mamlaka ya kukamata watu, na ikataka Jeshi la Polisi liundwe upya liwe la kutoa huduma. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inataka anayekamatwa aelezwe kosa lake. Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu kutokukamatwa nje ya utaratibu wa sheria. Karatasi zipo, tena nzuri. Hazijafika Kilombero.

Kuna kitu kimoja polisi wamepatia, nacho ni polisi kata. Mkaguzi mmoja, kata moja, mnamjua kwa jina, namba yake ya simu mnayo. Anahudhuria mikutano ya mtaa, anakaa na wazee, anajua nyumba ipi mume anapiga mke. Hawezi kumwonea kijana leo halafu kesho akaomba taarifa za wezi kwa mama yake. Kama kuna pesa ya kuongeza, iende huko: usafiri, mafuta, ofisi yenye mlango unaofungwa ili binti aliyebakwa aweze kusema bila foleni nzima kumsikia. Arusha ina kituo cha polisi cha utalii na diplomasia, kwa hiyo namna ya kumketisha mtu na kumsikiliza kwa heshima inajulikana. Sisi wa kata za Unga Limited na Sombetini tunaitaka heshima hiyohiyo.

AFCON ya 2027, mashindano ya soka ya Afrika, inakuja na uwanja uko Olmoti, hapahapa Arusha. Wageni watajaa, na kabla yao zitakuja operesheni za "kusafisha mji". Madiwani wapitishe mapema jambo dogo tu: kila mgambo avae jina na namba, kila mali inayochukuliwa iandikiwe risiti yenye mahali pa kuidai na saa za ofisi. Kisha orodha ya majina hayo ibandikwe kwenye ofisi ya kila kata, ukutani, mahali ambapo mama wa parachichi anaweza kuisoma.