Mita moja, vyumba vitano

Habari ya kubana matumizi ya umeme ikitajwa, sisi tulio Uingereza hupenda kuwahubiria walioko nyumbani: igeni huku. Mengi tunayoyasifia hayana kazi Mbagala. Nyumba za huku hufungwa kama chupa ya chai. Juu ya dari hutandazwa sufu ya unene wa milimita 270 na madirisha huwekwa vioo viwili, ili joto la boila, mashine ya kupasha nyumba moto, lisitoroke. Chumba cha bati cha Dar es Salaam kina shida kinyume na hiyo: joto linaingia na halipati pa kutokea. Ukikiziba, umempika mpangaji.

Cha kuiga ni namna sheria ya huku inavyouliza swali moja: anayechagua boila na dirisha ni mwenye nyumba, anayelipa bili ni mpangaji, sasa nani atengeneze? England na Wales, kila nyumba ya kupangisha hupewa cheti chenye daraja A hadi G, kinachodumu miaka 10. Tangu Aprili 2018 mkataba mpya hauruhusiwi chini ya daraja E, na tangu Aprili 2020 hata mikataba ya zamani imebanwa. Msidhani ni pepo. Mkaguzi hupita na futi yake na kukadiria, hasomi mita. Tena mwenye nyumba akishatumia pauni 3,500 bila kufika E, husajili msamaha na kuendelea kukusanya kodi. Mpangaji abaki na ukungu wake mweusi ukutani.

Hata hivyo swali limeulizwa. Kwetu Tanzania bado, na hasara yake inapigika hesabu.

Chukua nyumba ya vyumba vitano, LUKU moja (mita ya kulipia umeme kabla), kila chumba kinakula uniti 30 kwa mwezi. Mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, yuko daraja la bei D1: sh. 100 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa bei za nishati) inafika sh. 122. Akizidi mara kwa mara anahamishiwa daraja la T1, sh. 292, ambayo kwa makato hayohayo inakuwa kama sh. 356. Kila chumba kingekuwa na mita yake, wote watano wangelipa sh. 18,300. Kwa mita moja zinasomeka uniti 150, wako T1, wanalipa zaidi ya sh. 53,000. Umeme uleule! Unafuu uliowekwa kwa ajili ya mnyonge unampita mlangoni kwa sababu wanyonge watano wamepangwa chini ya paa moja. Juu yake kuna kodi ya majengo, sh. 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa humohumo kwenye LUKU: jengo la mwenye nyumba, kodi kwa aliyetangulia kununua umeme.

Wengi hukimbilia mita ndogo za vyumbani. Ni nzuri kwa kumaliza ugomvi wa nani ana friji na nani anapiga pasi, lakini daraja la bei halirudi, maana TANESCO inaona mita moja tu. Nazo hukosewa. Fundi akiona taa ya ulinzi iko karibu na chumba namba moja, anaivuta hapohapo, na mpangaji wa chumba hicho anaangazia mtaa kwa pesa yake. Taa za korido, taa ya nje na pampu ziwe na mita yao na sakiti breka yao. Kila mwisho wa mwezi jumlisha mita zote, ulinganishe na LUKU. Tofauti ikiwa kubwa, kuna waya umeunganishwa kabla ya mita ndogo. Halafu bei. Huku mwenye nyumba anayemuuzia mpangaji umeme haruhusiwi kuzidisha bei aliyonunulia yeye. Kifungu kama hicho kingeandikwa hata kwenye mkataba wa karatasi moja.

Bati nalo ni kazi ya mwenye nyumba, na feni inayozunguka usiku kucha ni dalili yake. Rangi nyeupe juu ya bati hupunguza joto kwa gharama ndogo: osha vumbi, kwangua kutu, paka praima, kisha mikono miwili ya rangi. Wanaoruka kuosha huona rangi ikibanduka masika ya kwanza. Dari ya jipsam pekee haitoshi, hewa ya moto hukaa juu yake kama mgeni asiyeaga. Toboa matundu kwenye kuta za pembetatu chini ya paa, pande zote mbili, uweke wavu wa kuzuia popo na panya.

Mpangaji ana lake pia. Bana karatasi kwenye mlango wa friji uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na mashine haipumziki.

Taa za barabarani nitazipitia upesi. Za sola hufa kwa betri iliyochemka ndani ya kasha au paneli iliyojaa vumbi, na mradi ukishazinduliwa hakuna aliyetengewa ngazi wala kitambaa. Za umeme zinazowaka saa sita mchana mara nyingi ni kihisi-mwanga kimekufa, kifaa cha kubadilishwa kwa dakika chache.

Na ofisi za halmashauri, zenye kiyoyozi kimewekwa nyuzi 16 na madirisha wazi? England na Wales, jengo la umma linalozidi mita za mraba 250 na kupokea wananchi hutundika cheti cha nishati iliyotumika kweli, kwa kusoma mita. Sisi hatuhitaji hata mkaguzi. Ubao wa matangazo upo, palepale panapobandikwa mapato na matumizi. Karatasi moja, mistari miwili: uniti za mwezi huu, na uniti za mwezi kama huu mwaka jana.