Kengele ya dubu ilivyoniaibisha Japani

Basi bana, nilikuwa nasoma Sendai, mwezi wa kumi, mfukoni pamekauka kabisa, jamaa mmoja wa darasani akaniambia shangazi yake anapiga koto na kikundi chao cha muziki wa asili kinazunguka Akita na Aomori siku sita, wanatafuta mtu wa kubeba vyombo, kula na kulala juu yao. Mimi mtoto wa Tandika, kubeba sijaanzia Japani, nikasema twende.

Gari lililokuja kunichukua ni Hiace. Nusura nilie. Kipanya kile kile cha nyumbani, ila humu tuko watano na hakuna anayening'inia mlangoni! Nikakaa karibu na mlango kwa mazoea, kila tukisimama mkono unawasha kugonga bodi.

Koto sasa, ile kitu ina nyuzi 13 na urefu kama mita moja na themanini, ilipita katikati ya viti kama jeneza, nimesafiri kutoka Morioka mpaka Hirosaki kichwa chake kimenilalia begani. Kulikuwa na shamisen za Tsugaru, vigitaa vya nyuzi tatu vya huko Aomori, zile ambazo zamani vipofu walizunguka nazo nyumba kwa nyumba kwenye theluji wakipiga wapewe mchele, halafu ngoma, ngoma zenyewe usiombe, moja tu inataka wanaume wawili. Kitu pekee nilichokatazwa kugusa ni filimbi ya Sensei, yaani mwalimu wao, mzee wa miaka sabini na kitu, inaitwa shakuhachi, mwanzi tu wenye matundu matano, sentimita 54 na nusu, kwenye mfuko wa hariri na anaukumbatia mwenyewe kama mtoto mchanga. Siku ya pili akanipa nijaribu. Nikapuliza, ikatoka sauti ya tairi lenye pancha. Akacheka, akaniambia kwao wanasema kujifunza kutikisa kichwa tu ni miaka mitatu. Nikamrudishia filimbi yake.

Siku ya nne ndio balaa lenyewe. Tumefikia kamji ka milimani huko Aomori, nyumba ya wageni ya bibi mmoja, na kuna bwawa la maji ya moto nyuma kidogo msituni. Sasa kipindi kile dubu wanashuka kutafuta cha kula kabla hawajalala usingizi wa baridi, mabango ya onyo kila kona. Na dubu kwa Kijapani anaitwa jina ambalo siliandiki hapa maana mama yangu naye siku hizi yumo mtandaoni. Mswahili yeyote aliyekaa Japani analijua. Bibi wa watu, mstaarabu, mvi tupu, amenishika mkono ananitajia hilo neno mara tano mfululizo, kwa uchungu, mara lilionekana jana nyuma ya jiko, mara ni kubwa sana, mara lina watoto wawili, uwe mwangalifu nalo mwanangu. Mimi nimeng'ata shavu machozi yananilenga, yeye anadhani ni woga. Akanihurumia, akanipa kengele ndogo ya shaba, eti ukitembea inalia, mwenyewe anasikia anakupisha.

Nikaenda nikaoga, dubu sikumuona, nikarudi mbio maana muda umeenda, kengele nikaitia mfukoni pamoja na simu, nikavaa lile koti fupi la bluu la kikundi, tukaenda hekaluni.

Onyesho lilikuwa ndani ya hekalu, chini mikeka ya tatami, watu kama sitini, wengi bibi na babu. Mimi nimewekwa pembeni kule kwenye ngoma, na inabidi ukae kwa heshima, magoti chini umekalia visigino, mkao wa tahiyatu kabisa, ila hii tahiyatu haifiki salamu. Dakika ya ishirini miguu sina. Naiona, lakini sio yangu.

Sensei akaanza kupuliza peke yake. Aisee, huo muziki nusu yake ni ukimya. Anatoa sauti moja ndefu, inakufa polepole, halafu kimya, watu hata kupumua wanaogopa. Hapo ndio nikakumbuka: simu sijazima! Na mama huwa ananipigia muda ule ule. Nikaingiza mkono taratiiibu, nikavuta simu, kumbe kamba ya kengele imejifunga kwenye waya wa spika za masikio, ikatoka yote kwa pamoja.

Kriiing.

Katikati ya ukimya. Nikaidaka, kriing. Nikaibana kwenye paja, kri. Yaani nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa njuga, nikipumua inalia. Kijana wa ngoma ananitolea macho. Sensei amefumba yake, anaendelea, na kila akinyamaza mimi najibu.

Nikaamua nitoke nje. Kosa kubwa. Nikainuka juu ya miguu ambayo haipo, nikaenda kama gunia, kiwiko kikatua kwenye ngoma kubwa.

DUM!

Sauti ya ile ngoma haiishi jamani. Nilibaki nimelala pale pale natamani hata dubu aje.

Baada ya onyesho bibi mmoja akaja akainama mbele ya Sensei, akasema kengele imemgusa sana, ila ile ngoma ya mwisho mmezidisha. Sensei akainama naye, akasema asante, tutarekebisha.

Ndani ya Hiace nusu saa nzima hakuna aliyeongea. Baadaye mzee akanigeukia akaniuliza, unajua ule wimbo unaitwaje? Kyorei, maana yake kengele tupu. Eti zamani China kulikuwa na mtawa akiitwa Fuke, anatembea anatikisa kengele, mtu mmoja akaomba awe mwanafunzi wake akakataliwa, basi akachukua filimbi akawa anaiga sauti ya ile kengele. Kwa hiyo watu walidhani tumepanga! Halafu akaichukua ile kengele, akaigeuza, akasukuma kikofia kidogo ndani, tik, kuna sumaku, ulimi ukanasa. Akaitikisa. Kimya. Akanirudishia bila kusema neno. Yaani muda wote ule inazimika na mimi nimeikumbatia kama nimeiba kuku.

Kesho yake wakaniweka kwenye onyesho rasmi. Kazi yangu moja tu: Sensei akimaliza sauti ya mwisho, nihesabu tatu nipige kengele mara moja. Sikulala nikifanya mazoezi ya kuhesabu. Jioni ikafika, nimevaa koti, nimekaa katikati safari hii, watu wote wananiangalia. Sauti ikafa. Moja, mbili, tatu, nikainua mkono, nikatikisa.

Kimya.

Nikatikisa tena kwa nguvu. Kimya. Sumaku, jamani, sumaku! Dada wa koto mabega yanamcheza, ameinamia nyuzi zake kama analia. Mbele pale kuna babu amefumba macho anatikisa kichwa kwa hisia kali, na Sensei akainama, watu wakapiga makofi, alipokuwa ananipita kutoka akaninong'oneza, "Leo umepiga vizuri zaidi."