Dakika Tisa Kituoni

Mtu anayeishi Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hana sababu ya maana ya kujifunza uzamiaji wa kiufundi, ule ambao huwezi kupanda juu moja kwa moja bila kusimama njiani, na mke wangu hunikumbusha jambo hilo kila ninapolala Mombasa usiku mmoja zaidi bila kazi yoyote. Nimemweleza kwamba mzamiaji aliyelazimika kusimama vituoni wakati wa kupanda hushauriwa asipande ndege kabla ya saa 24 hivi, na kwamba treni ya Nairobi, ingawa hairuki, inakufikisha juu vilevile. Yeye hujibu kwamba hajawahi kusikia treni imemdhuru mtu aliyetoka kuoga baharini.

Tatizo langu ni hivyo vituo vyenyewe. Ukiwa chini, shinikizo la maji huifanya naitrojeni ya hewa unayovuta iyeyuke mwilini, na ukipanda kwa pupa inatoka kwa vipovu kama soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa, ila chupa yenyewe ni viungo vyako na uti wa mgongo wako. Ndiyo maana tunapanda taratibu, mita tisa kwa dakika au pungufu, tukisimama kwenye vina vilivyopangwa mpaka muda wake uishe. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, Haldane, na wenzake walichapisha majedwali ya vituo hivyo baada ya kuwafanyia mbuzi majaribio, kazi ya heshima ambayo sisi wa Nairobi hatujawahi kumpa mbuzi yeyote. Mimi nikiwekwa kituo cha mita sita, baada ya dakika moja niko mita nne. Mwalimu wangu wa Diani alivumilia siku tatu, kisha akaniambia, “Ndugu yangu, rudi kwenu ukajifunze kutulia.”

Basi Jumamosi moja asubuhi nikaenda kwenye bwawa la hoteli fulani ambalo upande wake wa kina una mita nne. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa amekwama Barabara ya Thika, akiniandikia “nimefika” kwa mara ya tatu. Kuzamia peke yako ni kosa, nami nililifanya huku nikilijua. Getini askari aliutazama mtungi wangu, akatikisa kichwa kwa huruma na kuandika kitabuni. Sikusoma alichoandika.

Zoezi lenyewe lilikuwa dakika tisa kwenye mita tatu, nikielea bila kushika ukuta. Hakuna naitrojeni ya kutisha katika bwawa la mita nne, lakini niliapa kwamba sitapanda hata hoteli ikiungua. Dakika ya pili nililijaza boya langu, mfuko wa rangi ya machungwa mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, nikaliachia lipande na uzi wake. Baharini boya hilo huionyesha mashua mahali unapongojea. Siku hiyo lilichomoza wima mbele ya waumini wapatao arobaini waliovaa kanzu nyeupe, ambao walikuwa wameingia upande wa kina kifupi kwa ajili ya ubatizo nami sikuwa na habari. Niliambiwa baadaye kwamba wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

Dakika ya tano mwokoaji wa bwawa akanijia chini, mashavu yamefura, macho yamemtoka, akaniinulia dole gumba. Kwake alikuwa ananiuliza kama niko salama. Kwa mzamiaji, dole gumba lililoinuliwa ni amri ya kupanda juu, nami nilikuwa bado na dakika nne. Nikamjibu kwa ishara sahihi kabisa, ile inayomaanisha “baki hapo hapo”, yaani nikakunja ngumi na kumwonyesha.

Aliondoka kwa kasi ambayo hakuna jedwali linaloiruhusu. Nikasikia sauti zisizoeleweka, kisha uzi wa boya ukakaza, kwa sababu vijana wawili wa kwaya walikuwa wameushika na kuanza kunivuta kama kambale. Kigurudumu cha uzi kilikuwa kimenasa kwenye mkanda wangu. Nilifanya jambo moja tu la kitaalamu: nilitoa pumzi njia nzima, kwani kuizuia wakati wa kupanda kunaweza kuyapasua mapafu hata katika bwawa. Mita tatu zikaisha kwa sekunde mbili, na kompyuta ya uzamiaji niliyoifunga mkononi kama saa ikalia kwa uchungu.

“Huyu ndiye aliyetaka kunipiga!” mwokoaji akasema, akiwa amejificha nyuma ya mama mmoja mnene.

Nilitoa kifaa cha kupumulia mdomoni nikasema neno la kwanza lililonijia: “Bado dakika nne.”

Mchungaji, ambaye maji yalimfikia kiunoni, alinitazama kwa utulivu, akafungua karatasi iliyolowa pembeni na kuuliza, “Ndugu, wewe uko kwenye orodha?”

Nilipokuwa nikitoka na mtungi wangu, mwenzangu aliandika tena kwamba amefika. Askari akafungua kitabu chake atie saa ya kutoka, na hapo ndipo nilipoona kwamba mbele ya jina langu ameandika “fundi wa gesi”.

“Mzee,” akaniuliza, “umepata ilipokuwa ikivuja?”