Anayezuia, si anayeruhusu

Kuna somo la sauti linazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwalimu anasoma 2 Wathesalonike 2:7 kwa Kiingereza cha King James, tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, "he who now letteth will let", kisha anafundisha kirefu kwamba yupo anayemruhusu yule mwasi wa siku za mwisho atende kazi. Somo zima limesimama juu ya kitenzi let, kilichoeleweka kinyume. Aliyekuwa na Biblia ya Kiswahili mapajani angeliona kosa papo hapo: "yuko azuiaye sasa".

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili. Lætan ni kuacha, kuruhusu. Lettan ni kuzuia, nacho kilitokana na neno la kuchelewa: kumkwamisha mtu asifike. Irabu ndefu ya kile cha kwanza ikafupika, na vyote viwili vikaishia kuwa let. Kufikia 1611 vilikuwa vikiandikwa sawasawa, na watafsiri wakavitumia vyote.

Pa kujifunzia ni Kutoka sura ya 5. Mstari wa 1, Farao anaambiwa "Let my people go": wape watu wangu ruhusa. Mstari wa 4, Farao anawauliza Musa na Haruni mbona "let the people from their works": mbona mnawazuia watu wasifanye kazi zao. Kitenzi kimoja kwa macho, maana mbili zinazopingana, ndani ya mistari minne! Kinachozitenganisha ni umbo la sentensi. Let ya kuruhusu hufuatwa na mtendwa, kisha kitenzi kingine: people, halafu go. Let ya kuzuia haina kitenzi cha pili. Ina mtendwa peke yake, kama Isaya 43:13, "who shall let it?" (nani ataizuia?), au mtendwa na from. Warumi 1:13 iko katika hali ya kutendwa, "was let hitherto": Paulo alizuiliwa. Angalia tu let inayoandamana na out, down au alone; hiyo ni ya ukoo wa kuruhusu. Ndiyo maana shamba la mizabibu la Mathayo 21:33 linapangishwa, halizuiwi.

2 Wathesalonike ni ngumu kidogo kwa sababu letteth pale haina hata mtendwa. Basi panda mstari mmoja. Katika mstari wa 6 Kigiriki kinatumia kitenzi kilekile, na King James yenyewe inasema withholdeth, yaani kuzuia. Ubishi unaishia hapo.

Sawa, King James ina mdundo wake, na anayeipenda aisome. Lakini tafsiri ya Kiingereza ya 1881 ilishaandika restraineth, yaani azuiaye, mahali hapo. Mafundisho ya siku za mwisho yanawatia watu hofu ya kweli, wengine hawalali. Anayesimama mbele yao anawadai nini hata ashindwe kufungua tafsiri ya pili kabla hajawatisha?

Leo let ya kuzuia imebaki pachache. Kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu na kuangukia ndani ya eneo lake, huitwa let na hupigwa upya. Kwenye pasipoti ya Uingereza imo kama nomino, "without let or hindrance". Wanaotafsiri hati waandike "bila kizuizi wala kipingamizi". Ukiandika "bila ruhusa", umeomba mwenye pasipoti apitishwe kinyume cha sheria.