Kisima kilichogonga moto

Wiki jana nilisimama kwa jirani hapa Malindi nikitazama mashine ikimchimbia kisima. Povu lililokuwa likipanda na unga mweupe wa matumbawe likakatika ghafla. Fundi akasema shimo "linakunywa": maji yote yanapotelea kwenye mianya ya mwamba. Jirani analipa kwa mita. Alikuwa ameshika kiuno, kimya.

Nimemkumbuka kila niliposikia barazani kwamba visima virefu vya utafiti wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi linalozalisha umeme, ni kuzika pesa. Ushahidi upo. Huko Iceland, kisima cha Reykjanes kiitwacho IDDP-2, cha mradi wa kuchimba kina kirefu, kilifika mita 4,659 mwaka 2017, lakini kuanzia kama kilomita tatu kwenda chini maji ya kuchimbia hayakurudi tena. Maji yasiporudi, chembe za mwamba hazipandi, na wachimbaji wanakwenda gizani. Krafla, hukohuko Iceland, mwaka 2009 walilenga kilomita nne na nusu, wakagonga magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto, kwenye mita 2,100 tu. Nchi yenye madeni ina haki ya kuogopa gharama hiyo.

Lakini wanaokitaja Krafla huishia pale keekee iliponasa. Kisima kile kiliachwa kipumue, kikatoa mvuke wa nyuzi 450, na makadirio yakawa kwamba kingeweza kuzalisha megawati 36. Shimo moja! Kituo chetu cha kwanza cha umeme wa jotoardhi cha Olkaria, hapa Kenya, mashine zake zote tatu zilipokamilika mwaka 1985, kilikuwa cha megawati 45. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara naiona kubwa kuliko hasara.

Kilichokiua si kukosa joto. Mwaka 2012 valvu ziliharibika, ikabidi kimwagiwe maji baridi. Chuma kilichokuwa kimetanuka kwa moto kikasinyaa na mabomba ya ndani yakaharibika. Mvuke wenyewe ulikuwa na asidi inayokula chuma. Hayo ni matatizo ya vyuma, saruji na viungo vya mabomba, nayo hujifunzwa kwa kuchimba.

Na sisi tumo tayari. Menengai, karibu na Nakuru, wachimbaji wetu wamekutana na magma kama kilomita mbili chini wakitafuta mvuke wa kawaida tu. Sisemi Kenya ichimbe kilomita tano peke yake. Nasema shimo la namna hiyo likinasa, lipimwe joto na chembe zake zihifadhiwe kabla ya kuzibwa, maana gharama yake tumeshailipa.